Redio ya Mzee Sefu na Hitima ya Kirando

Ndugu zangu wa Milanzi, tangu nirudi sijamaliza kikombe kimoja cha kahawa kwa amani. Huyu ananivuta kanzu, "Mwalimu, ni kweli mlisoma hitima kwa redio?" Yule anaapa kuwa nilifukuzwa Kirando kwa mawe. Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila kipande kikifika sokoni kinarudi kimeota mkia. Basi nimekaa niandike yote tangu mwanzo. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe na mwanawe, na mtu asinishike tena kanzu.

Kabla ya kupanda gari

Kirando, kule ziwani, kuna mama anaitwa Bi Zaituni. Ni Mfipa wa Chala, aliolewa na mfanyabiashara wa dagaa wa ukoo wa Kiarabu, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Nasoro. Baba alipofariki, jamaa zake wa Uarabuni walimwita kijana akaishi nao. Mwanzoni salamu zake zilikuja kwa midomo ya wasafiri, baadaye zikakatika. Kisha akapita mtu ametokea Bujumbura, akasema amesikia kuna kijana wa Kirando ameanguka kwenye ujenzi wa ghorofa huko huko Uarabuni na amekufa. Jina hakulijua. Lakini kijana wa Kirando aliyekuwa Uarabuni ni mmoja tu.

Bwana Juma, ndugu wa marehemu mume wake, alingoja habari ya pili, haikuja. Mwisho akasema si haki maiti wa Kiislamu kuachwa bila kusomewa kwa sababu tu ya mashaka ya walio hai. Akatuma mtu kwangu: Mwalimu, njoo utusomee hitima Ijumaa, baada ya alasiri. Mjumbe huyo ndiye aliyeniambia kuwa Bi Zaituni amekataa katakata. Hakulia, hakukubali mkeka wa msiba utandikwe ndani kwake. Alisema mtoto ni wake, na hajaonana na mtu yeyote aliyeliona kaburi.

Mimi nilijifunga safari kwa sababu nimeitwa, na mwalimu wa madrasa akiitwa haulizi sana. Jumanne asubuhi nikapita dukani kwa Mzee Sefu kumuaga, maana marehemu baba yake Nasoro alikuwa mtoto wa kaka yake. Nikamkuta amevaa koti zito, kofia ya sufu na kilemba juu ya kofia, na redio yake ameifunga ndani ya blanketi.

"Nimemsikia," akaniambia.

"Nani, Mzee?"

"Nimemsikia Nasoro!"

Mnamjua Mzee Sefu. Sikio la kulia lilikufa zamani, na la kushoto linachechemea. Nikamwuliza kwa sauti ya adhana amesikiaje. Akasema huko Uarabuni kuna mashindano ya mpira, timu za mataifa ya Kiarabu zinagombea kombe, naye jana alikuwa ameibana redio kwenye sikio lake zima mtangazaji alipotaja wachezaji wa timu mojawapo. Katika majina hayo akasikia Nasoro bin Saidi, la kijana na la baba yake.

"Akina Nasoro bin Saidi huko ni wengi kama maharage ya Ufipa," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana sijamtumia salamu mama yake. Lakini Ijumaa jioni wanacheza tena, na redio tunaipeleka kwake."

Sikupenda. Nilimwambia wazi: mama huyu akitiwa tumaini na mtoto akawa si wake, atakuwa amefiwa mara mbili. Mzee akanitazama, akasema na mimi nikimsomea hitima mtu aliye hai, nitakuja kumjibu nini siku atakaposhuka kwenye boti pale Kirando? Nikambebea betri.

Sumbawanga hadi Chala

Lori lilikuwa linakwenda kuchukua mahindi, kwa hiyo lilikuwa tupu, na sisi abiria tulikaa chini kwenye bodi. Ninyi mnaijua baridi yetu ya kiangazi, lakini hamuijui mpaka muifuate juu ya lori lisilo na mzigo. Upepo wa Ufipa hauna adabu, unaingia kwenye kanzu bila hodi. Mzee Sefu alikuwa ameikumbatia redio ndani ya blanketi, na kila lori liliporuka shimo aliipapasa mgongoni. Mama mmoja aliyekaa karibu alimtazama kwa huruma, mwishowe akauliza, "Shikamoo babu. Mtoto anaumwa nini?"

"Haumwi," nikamjibu kwa niaba yake. "Amelala."

Nilidhani nimefanya utani. Kumbe yule mama alichukua kanga yake ya pili, akaifunika redio, na mpaka leo sijui kama nilifanya dhambi au la, maana yeye alibaki anatetemeka na mimi niliona haya kumwambia ukweli.

Kabla hatujafika mbali, tukasikia harufu ya dizeli. Dereva akasimama, akaingia chini ya gari, akatoka anapangusa mikono. "Tangi limetoboka. Naomba kipande cha sabuni."

Wenye magari wanajua: tangi likivuja unasugua sabuni ngumu kwenye tundu, inaziba, unaendelea. Lakini dereva yule aliomba sabuni katika mwaka gani? Mwaka ambao watu wanapanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri na kurudi na mikono mitupu, wakaoga kwa majivu. Ukimya ulioanguka ndani ya lori lile ulikuwa mkubwa kuliko wa msikitini wakati wa hotuba. Kila mtu alikuwa anatazama mashamba. Mzee mmoja alianza kusali rozari.

"Ndugu wananchi," dereva akasema, "tulale hapa?"

Mimi nilikuwa na mche mmoja. Niliuweka chini kabisa ya mfuko, zawadi ya wafiwa, nikaufunga kwa karatasi mbili ili usinuke. Nilishindana na nafsi yangu kwa muda ambao siutaji. Mwisho nikautoa, na uso umenikunjamana. Dereva akakata nusu, akaingia chini, na nusu iliyobaki akanirudishia kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Yule wa rozari akaniambia, "Mungu akubariki, Shehe." Alipogeuka niliona pembe ya mche wa sabuni imechomoza kwenye mfuko wake wa koti. Nikairudisha nusu yangu mfukoni. Njaa na uhaba vinatufanya sote tuwe na mfuko wa koti.

Chala

Lori lilituacha Chala, likageuka kufuata mahindi yake. Gari la kwenda mbele halikuwepo. Tulipokelewa na Mzee Fulgensi, kaka yake Bi Zaituni, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo. Ufipa huwezi kumwuliza mtu jambo kabla ya salamu kwisha, na salamu haziishi upesi. Aliinama, akapiga viganja taratibu, akatujulia hali sisi, wake zetu, watoto wetu, mashamba yetu, na lori lililotuleta. Mzee Sefu, ambaye hakusikia hata moja, alikuwa akiitikia "Alhamdulillahi" kwa kila swali, hata alipoulizwa jina la dereva.

Tulikaa pale kutwa nzima ya Jumatano tukisubiri gari. Tulikula ugali wa ulezi, mweusi na mlaini, kwa maharage yaliyopikwa mpaka yakakubali. Nilikula mpaka nikaona haya, nikaongezewa, nikala tena.

Betri ndizo zilizotutia wasiwasi. Zilikuwa zimezeeka, na mpya hazipatikani. Mzee akazipanga juani juu ya ungo, kama tunavyofanya wote, zipate nguvu. Kuku wa Fulgensi wakaja kuzikagua moja moja. Nilikaa nazo nikiwa na fimbo, mwalimu mzima, nalinda betri dhidi ya kuku.

Alasiri tukaijaribu redio, na hapo ndipo tulipojua shida yetu ilivyo. Mzee Sefu anakijua Kiarabu cha kusema, alikinyonya kwa baba yake. Lakini hasikii. Kuibana redio sikioni peke yake kunataka mawimbi yawe safi, na kule Chala yalikuwa yanakwenda na kurudi. Mimi nasikia hata panya akipiga mluzi, lakini Kiarabu changu ni cha kitabuni. Nakisoma, nakitia irabu, nakikariri. Mtu akikisema haraka, tena kwa mambo ya mpira, nabaki kama ninyi.

"Basi wewe sikia," Mzee akasema, "halafu nipigie kelele kile ulichosikia. Usifikiri maana. Fikiri sauti tu."

Tukafanya hivyo. Nilibana sikio kwenye redio, neno likiingia nalirusha kwenye sikio la Mzee kwa sauti yangu yote, naye anasema maana yake. Sikuwa na namna nyingine ya kulitamka ila ile ninayoijua, kwa hiyo nilivuta irabu kwa madda na kupitisha ghuna puani kama nasoma msahafu. Fulgensi aliposikia hivyo alivua kofia, akapiga goti, na mkewe akamfuata. Nilitaka kumwambia si sala. Lakini Mzee Sefu aliniwahi kwa sauti ya watu wasiosikia, "Anasema mafuta haya yanaotesha nywele za wanawake!"

Fulgensi hakuinuka mara moja. Alifikiri, kisha akavaa kofia. "Hata hivyo ni neno jema," akasema.

Usiku ule kabla ya kulala aliniita pembeni. Alisema yeye ndiye aliyempeleka dada yake Kirando siku ya ndoa, na ndiye aliyemwambia asiogope, atazaa watoto wengi. "Akapata mmoja. Mwalimu, mkimkuta huyo kijana kwenye chombo chenu, sawa. Msipomkuta, msimdanganye. Dada yangu uongo unamwumiza kuliko msiba."

Nikamwahidi. Ahadi hiyo ilinilemea kuliko mfuko wote niliobeba.

Namanyere

Alhamisi tulipata trekta la kijiji lenye tela, likatufikisha Namanyere tumekuwa wekundu kwa vumbi toka kope hadi kisigino. Kabla ya kuingia mjini palikuwa na kizuizi, gogo juu ya mapipa, na mgambo mmoja mwenye kofia ya kijani amekaa kivulini. Alifungua mfuko wangu kwa upole, akaona betri. Upole ukaisha.

"Hizi zote za nini?"

"Za redio."

"Redio moja inakula betri zote hizi? Wewe unalangua. Na babu huyu Mwarabu, nani asiyejua maduka ya watu hawa yana nini chini ya kaunta?"

Mnakumbuka msako wa walanguzi ulivyotutisha. Mzee Sefu aliwahi kupekuliwa duka zima mpaka godoro likachanwa, hawakukuta kitu, na tangu hapo akiona sare mikono inamtetemeka. Ilimtetemeka. Mgambo akaona mkono unatetemeka, akahesabu kuwa amemshika mwizi. Tukawekwa chini ya mti kungoja mkubwa wake, na mkubwa alikuwa amekwenda kwenye mkutano, na mkutano ulikuwa haujui mwisho wake. Jua likasogea. Nilikasirika, nasema kweli. Nilimwambia mgambo maneno ambayo mwalimu wa dini hapaswi kuyaandika.

Kisha Mzee akaanza kusema mwenyewe, kwa sauti yake ile kubwa, hakujali nani anasikia. Akasema Nasoro ni nani, akasema habari ya ghorofa, akasema habari ya hitima ya kesho. "Nataka mama yake ajue alie au asilie. Ukitaka betri chukua, lakini baada ya kesho. Nitakuletea mwenyewe hapa hapa."

Mgambo akakaa kwenye gogo lake. Baadaye akasema bila kututazama, "Kaka yangu alikwenda vita vya Uganda. Wenzake wamerudi. Mama kila jioni anamwekea ugali pembeni. Baba anamwambia aache, yeye haachi."

Mzee akauliza "Anasemaje?", nikamweleza sikioni, naye akaenda akamshika mgambo bega. Walikaa hivyo kwa muda, mfanyabiashara na mgambo.

Mkubwa hakuja. Mgambo ndiye aliyesimamisha gari lililobeba chumvi, akamwambia dereva kwa ukali kwamba sisi ni wasafiri wa serikali, akatupandisha. Akaongeza betri mbili alizozitoa kwenye tochi yake.

Kushuka ziwani

Gari la chumvi lilitupakia usiku na kutuacha juu ya mteremko alfajiri, breki zake zikiwa zimekataa kushuka. Tukashuka kwa miguu. Kule juu nilivaa kila nguo niliyokuwa nayo. Kila kona tuliyoshuka nilivua moja, na tulipoliona ziwa nilikuwa nimebaki na kanzu peke yake, nguo nyingine zimenilemea begani. Ni kama kutoka chumba cha barafu kuingia jikoni. Mzee Sefu hakuvua hata kilemba. Alitembea polepole, akisimama kila mara na kusema anatazama mandhari, nami nikakubali kuwa anatazama mandhari, huku amefumba macho.

Nikamwomba nimbebee redio. Akakataa. Nikamwomba tena, akaniambia, "Nisipofika nayo mikononi, Zaituni ataona kama nimemtuma mtu."

Harufu ya dagaa ilitupokea kabla ya watu. Tuliingia Kirando saa ya swala ya Ijumaa, tukaswali tukiwa na vumbi.

Kirando

Uani kwa Bwana Juma masufuria yalikuwa yamekwisha kuinjikwa. Wali wa kule chini, samaki wa ziwani na mbuzi mmoja, na mikeka imetandikwa. Bwana Juma si mtu mbaya, msimfikirie vibaya. Macho yake yalikuwa mekundu, naye ndiye aliyemfundisha Nasoro kuogelea. Nilipomweleza habari ya redio alitikisa kichwa.

"Mwalimu, nimekuita kusoma. Usinichezee na msiba."

Hapo hapo mama mmoja akatoka nyumba ya pili. Mwembamba kama kaka yake Fulgensi, amejifunga kanga ya rangi kali, si nguo ya msiba. Akamwinamia Mzee Sefu na kupiga viganja. "Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu." Nikaona kuwa hiyo aliisikia bila msaada.

Mzee akamweleza yote, na hakupamba. Akamwambia inaweza kuwa yeye, inaweza kuwa mwingine, na hatujui kama tutasikia chochote. Bi Zaituni akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Juma. "Shemeji, chakula kikiwa tayari kitangoja. Nikisikia si yeye, nitatandika mkeka mwenyewe, na nitalia mbele yenu. Nikisikia ni yeye, hamtanisomea mtoto wangu. Hayo tu naomba."

Bwana Juma akakubali. Tukaswali alasiri, tukaweka redio juu ya kinu kilichopinduliwa katikati ya ua, na jua lilipoanza kushuka upande wa Kongo nikaanza kutafuta stesheni. Mawimbi ziwani ni mazuri kuliko Chala. Sauti ikaja, nyuma yake kelele za uwanja mzima.

Nikabana sikio. Nikaanza kurusha maneno.

Sasa hapa ndipo palipotoka ule uvumi wenu. Watu walikuwa wamealikwa hitima, na wakawa wanaingia mmoja mmoja, Waislamu na Wakristo, wavuvi na wake zao, wengine wametoka vijiji vya mbali. Wanakuta Kiarabu kinatoka redioni, na mwalimu mwenye kanzu anakisoma kwa madda mbele ya mzee mwenye kilemba. Walifanya nini? Walivua viatu, wakaketi kimya, vichwa chini. Kila mtangazaji alipopandisha sauti, mshambuliaji akikaribia goli, mimi nami nikapandisha, na mzee mmoja wa Kirando akaitikia, "Amina!" Wengine wakafuata. Mpira ukigonga mwamba, Amina. Mpira ukitoka nje, Amina. Kipa mmoja alidaka shuti kali, na ua mzima ukanyanyua mikono.

Sikuweza kuwasimamisha, ningepoteza maneno. Mzee Sefu alikuwa anafasiri haraka haraka, na mimi natoka jasho. Timu ndiyo ile ile. Majina yanapita, na kila jina si lake. Nikamtazama Bi Zaituni. Alikuwa amesimama tangu mwanzo, hakukaa, mikono ameifunga kifuani.

Kisha mchezaji akaumia na mchezo ukasimama. Mtangazaji akatulia, akawa anazungumza kama mtu anayepoteza muda barazani. Nami nikasikia, nikapiga kelele jina la Nasoro kwa Kiarabu, "Nasir bin Said!"

"Endelea!" akasema Mzee.

Niliendelea. Neno moja sikuhitaji kulirusha, maana wote waliokuwa uani walilisikia wenyewe kutoka redioni, wazi kabisa: Tanganyika. Mtangazaji alisema ziwa la Tanganyika. Yule mzee wa Amina alifungua mdomo ukabaki wazi.

"Amezaliwa kando ya ziwa la Tanganyika," Mzee akafasiri, sauti imepasuka. "Anatumia mguu wa kushoto."

"Kushoto!" Bi Zaituni akasema. "Huo huo! Vyungu vyangu vyote alivimaliza kwa mguu huo!"

Hakulia hata hapo. Bwana Juma ndiye aliyelia. Alikaa chini kwenye vumbi na shati lake zuri, akalia kama mtoto, huku anasema astaghfirullah, astaghfirullah, nilitaka kumzika.

"Yuko wapi sasa?" mama akauliza. "Anafanya nini sasa hivi?"

Nilirudi redioni. Likaja neno ambalo sikuhitaji Mzee anifasirie, maana nawaambia watoto wa madrasa kila asubuhi, kaa chini. "Amekaa," nikasema, na Mzee nikamrushia sikioni.

Hapo mimi na Mzee Sefu tukatazamana. Sisi ni watu wa mpira. Tunajua maana ya mchezaji aliyekaa: ni wa akiba, hakupangwa, wenzake wamemshinda. Bwana Juma naye, kwenye vumbi pale pale, alishusha kichwa, maana Kirando nzima ilikuwa inamsifu kijana yule tangu akiwa mdogo. Nilimkumbuka Fulgensi, uongo unamwumiza dada yangu kuliko msiba. Nikajiandaa kumweleza ukweli wote taratibu.

"Amekaa?" Bi Zaituni akauliza.

"Amekaa, mama. Kwenye benchi."

"Na wenzake?"

"Wenzake wanakimbia."

"Kwenye joto hilo la kwao?"

"Ndiyo, mama."

Uso wake ukafunguka, nami sijauona uso wa mtu ukifunguka vile. Akapiga viganja mara moja. "Mnasikia? Wenzake wanakimbia, yeye amekaa! Kwetu Chala mtu akiita watu shambani, wenye majembe ndio wanaotoka jasho. Anayekaa kwenye kiti na kutazama ni mwenye shamba." Akawageukia wanawake. "Nasoro amekuwa mwenye shamba!"

Vigelegele vikapigwa uani. Nilifungua mdomo. Mzee Sefu akanivuta kanzu, akauliza anasemaje, nikamweleza sikioni kwa kirefu, pamoja na lile nililotaka kumrekebisha. Alisikiliza. Machozi yalikuwa yanamtiririka yakiingia kwenye ndevu.

"Hapo, Mwalimu," akasema, "tusifasiri."

Nami sikufasiri. Nilikuwa nimeahidi nisidanganye, na sikudanganya. Kijana alikuwa hai, na alikuwa amekaa.

Redio ilianza kukohoa, ikanong'ona, ikanyamaza. Betri za tochi ya mgambo ndizo zilizokuwa za mwisho kufa. Kwa hiyo mnaponiuliza nani alishinda, au kama Nasoro aliingizwa, jibu langu ni lile lile: sijui, na pale uani hakuna aliyeuliza.

Chakula kikapakuliwa. Mkeka wa msiba ukawa mkeka wa karamu, na ile nusu ya mche wa sabuni nikampa Bi Zaituni, mama mwenye mtoto badala ya mfiwa. Nilikuwa nanyoosha mkono kwenye sinia Bi Zaituni alipokuja kusimama mbele yangu.

"Mwalimu, umetoka mbali kuja kusoma. Usirudi hujasoma."

"Nisome nini tena, mama? Mwanao ni mzima."

"Wangu ni mzima, amekaa. Waombee wale wanaokimbia. Nao wana mama zao, na pengine hawana redio."

Nikautoa mkono kwenye sinia. Ua mzima, Waislamu na Wakristo, wakafungua viganja. Majina ya wale vijana sikuyajua, kwa hiyo niliwaombea kama watoto wa mama zao.